Radiali za Antena ya Wima Kando ya Ziwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Antena yangu ya redio ya ridhaa, ya bendi ya mita 40 (huo ni urefu wa wimbi, si wa mlingoti), imesimama Luchelele, Mwanza, kwenye kiwanja kinachoteremka kuelekea ziwani, nusu kichanga na nusu jabali. Kila anayekuja kuiona ana maswali yaleyale, na wengine huyarudia kwa simu wakishafika kwao Kisesa, Magu au Nansio. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu, kwa mpangilio wanaoulizia watu, yaani bila mpangilio.

Hizo nyaya zilizolala chini ni za nini? Si mlingoti ndio unaorusha?

Mlingoti ni nusu ya antena. Nusu ya pili iko chini ya miguu yako. Mkondo unaopanda mlingotini ni lazima urudi kwenye ganda la kebo, yaani ile suka ya shaba inayozunguka waya wa kati, na njia yake ya kurudi ni ardhi inayozunguka kitako. Udongo unapitisha umeme, ila kwa kinyongo: sehemu ya nguvu inageuka joto njiani. Radiali ni nyaya unazozitandaza kutoka kitakoni kama miale ya jua ili mkondo upite kwenye shaba usipite kwenye udongo.

Antena ya wima yenye urefu wa robo ya wimbi ina ukinzani wa kurusha wa omu 36 hivi. Udongo nao ukiweka omu 36 zake, kati ya wati 100 unazosukuma, 50 zinawapashia joto nyungunyungu.

Ziwa liko hapo, hatua hamsini tu. Si maji yatafanya kazi yenyewe?

Hili naulizwa kuliko mengine yote, na aliyeuliza huwa hapendi jibu. Amesikia habari za watu wanaosimamisha antena ufukweni mwa bahari na kusikika dunia nzima kwa nguvu ndogo. Habari hizo ni za kweli, ila zinahusu maji ya chumvi. Maji ya bahari yanapitisha umeme kwa kiwango cha siemens 4 hadi 5 kwa mita. Ziwa Victoria ni kama siemens 0.01 kwa mita. Tofauti ni mara mia kadhaa. Kwa kupitisha umeme, ziwa letu ni sawa na shamba zuri lenye unyevu, basi.

Sababu ni mvua. Sehemu kubwa sana ya maji yanayoingia ziwani hunyesha moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe, mito inaongezea kidogo tu. Maji ya mvua hayana chumvi. Ndiyo maana sabuni inatoa povu ziwani, na ndiyo maana redio yako haipati muujiza.

Mimi mwenyewe nilidanganyika. Mwaka wangu wa kwanza nilichukua mita 20 za waya, nikafunga jiwe mwishoni, nikauzamisha ukiwa umeunganishwa na kitako cha antena. Kipimo kikasogea kidogo, kidogo kiasi kwamba nilirudia kukisoma mara tatu nikitafuta sababu ya kufurahi. Siku ya nne wavuvi wakauvuta na wavu wao. Walikuja nao mlangoni umekunjwa vizuri, mmoja akaniuliza kwa heshima zote, "Mzee, umetega nini huku?"

Kuna faida moja ambayo ziwa linatoa, nisilinyime haki yake. Maji yana uwezo mkubwa wa kuhifadhi chaji, kipimo chake ni 80 hivi wakati udongo uko kati ya 5 na 20 au zaidi kidogo, na tena ni tambarare hadi upeo wa macho. Kwa hiyo mawimbi yanayoondoka kwa pembe ya chini kuelekea upande wa maji yanaondoka kwa nafuu. Hilo linatokea mbali na antena. Hasara inayozungumzwa kwenye ukurasa huu inatokea mita chache kutoka kitakoni, na hapo ziwa haliwezi kukusaidia. Tandaza waya.

Halafu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa. Usimwage zege la mlingoti hapo.

Nihitaji nyaya ngapi, za urefu gani?

Tuanze na robo ya wimbi. Gawanya 71.3 kwa masafa ya megahezi, unapata mita. Kwa 7.1 ni mita 10. Kwa 3.6 ni karibu mita 20. Kwa 1.83, ile bendi ya mita 160, ni mita 39. Huo ndio urefu wa mlingoti kamili. Watu wengi hudhani radiali nazo ni lazima ziwe hivyohivyo, zikatwe kwa sentimita. Si lazima. Waya unaolala juu ya udongo hauna tena masafa yake mwenyewe ya kueleweka; udongo unalipunguza mwendo wimbi na kuuvuruga urefu wake. Kata kwa jicho.

Kinachohesabika ni jinsi nyaya zinavyobanana karibu na kitako, kwa sababu mkondo mwingi wa ardhini upo hapo. Kwa hiyo ukiwa na waya mchache, zigawe nyingi fupi badala ya chache ndefu. Una rola moja ya mita 100 na unataka bendi ya mita 40? Kata vipande 20 vya mita tano. Usikate kumi vya mita kumi. Ukipata rola ya pili, sasa fikiria 30 za mita sita na nusu. Zikiwa 60 ndipo mita nane zinaanza kuwa na maana, na zikipita 90 ndipo robo ya wimbi kamili inalipa.

Mwaka 1937 wahandisi watatu wa kampuni ya redio ya RCA huko Marekani, Brown, Lewis na Epstein, walipima jambo hili kwa megahezi 3, wakiongeza nyaya hadi zaidi ya mia moja. Kutokana na kazi hiyo vituo vya utangazaji vya masafa ya kati vikazoea kufukia nyaya 120. Wewe si kituo cha utangazaji. Kutoka nyaya 4 kwenda 16 utaona tofauti kubwa. Kutoka 16 kwenda 32 utaiona kwenye kipimo. Baada ya hapo unafanya kwa ajili ya roho yako.

Na nne zilizolala chini, za robo ya wimbi, ni mbaya kuliko zinavyoonekana. Rudy Severns, mhandisi Mmarekani aliyerudia vipimo vya aina hii kwa subira ya ajabu, alionyesha kwamba zikiwa chache hivyo, kuzifupisha kunaweza kupunguza hasara.

Waya gani?

Wowote wa shaba. Wenye ganda la plastiki au mtupu, mnene au mwembamba, kwa redio ni karibu sawa, maana zikiwa nyingi kila mmoja unabeba mkondo mdogo. Ganda linasaidia shaba isiliwe na udongo. Waya wa kufungia umeme nyumba, ule wa 1.5, ni mzuri ila kwa kazi hii ni gharama isiyo na sababu.

Mimi hununua kebo kuukuu za mtandao wa kompyuta kutoka kwa mafundi wanaozing'oa maofisini. Ndani ya kebo moja mna nyaya nane. Chana ganda la nje kwa wembe, ufumue jozi zake, na kebo ya mita sita imekuwa radiali nane za mita sita. Jioni moja na watoto wawili wenye vidole vyepesi, kazi imekwisha. Tahadhari moja: kebo za bei rahisi si shaba, ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa kisu. Ikitoka nyeupe, iache, maana udongo wenye unyevu unaila mapema. Mafundi wa kusuka mota nao wana waya wa shaba wa kupima kwa kilo.

Waya wa kufungia nondo usiuguse. Unashika kutu, na hata kabla ya kutu chuma kinapoteza nguvu zaidi ya shaba.

Kwetu ni mawe matupu. Nifanyeje?

Karibu kwenye jiji la miamba. Ukikaa Isamilo, Bugando au Mabatini, jembe lako likishuka linatoa cheche. Jabali kavu ndiyo ardhi mbaya kuliko zote kwa antena ya wima, kwa hiyo ndiyo inayohitaji radiali kuliko zote, na ndiyo usiyoweza kuichimba. Una njia mbili.

Ya kwanza ni kuzilaza juu ya mwamba hivyohivyo. Mkondo haujali kama waya umefukiwa. Pitisha kwenye mianya ya mawe, shikilia kwa kokoto na kidonge cha saruji hapa na pale, na zikifika kwenye ukuta zikunje zifuate ukuta.

Ya pili ni kuziinua hewani. Hapa sheria zinageuka kabisa. Nyaya nne zilizoinuliwa zinaweza kukaribia kazi ya kadhaa wa kadhaa zilizolala chini, lakini sasa ni lazima zikatwe kwa vipimo, robo ya wimbi kwa masafa yako, na zielekee pande nne kwa usawa. Kitako cha antena kinapanda nazo. Na kebo ni lazima iwe na choki, yaani mizunguko kadhaa ya kebo kwenye ferriti (pete nyeusi ya kauri yenye chuma) karibu na kitako, la sivyo ganda la kebo linajifanya radiali ya tano na kuharibu hesabu yote. Ziweke juu ya kichwa cha mtu aliyeinua mkono, mita mbili na nusu au tatu. Ncha zake zina volti kubwa unaporusha, na kuungua kwa umeme wa redio ni kidonda kidogo cha ndani kinachochelewa kupona. Kamba ya kuzivutia nunua Mwaloni, Kirumba, wanakouza kamba za wavuvi, ila chagua ile inayostahimili jua. Ile ya plastiki ya rangi, baada ya miezi ya jua letu, inapukutika mkononi kama unga.

Nizifukie au zilale juu?

Kwa redio, zikilala juu ni sawa na hata bora kidogo. Kwa miguu ya watu, zifukie sentimita mbili au tatu, zaidi ya hapo unajichosha.

Kwenye luseni, ule mchanga wa chini ya vilima, sichimbi mtaro. Nafunga kamba kutoka kitakoni hadi mwisho ili niende sawa, kisha nachoma panga ardhini hadi nusu ya bapa, nalitikisa kushoto na kulia, mwanya unafunguka. Navuta panga, nasogea, narudia. Mtu wa pili anakuja nyuma anasukuma waya ndani ya mwanya kwa kipande cha mbao chenye ncha butu, wa tatu anakanyaga. Radiali moja ya mita sita ni dakika chache. Fanya hivyo mvua za vuli zikishalainisha ardhi. Agosti utavunja panga.

Kwenye mbuga, udongo mweusi, mambo ni mengine. Mbuga yenye maji ni ardhi nzuri, antena inafurahi. Kiangazi inapasuka nyufa za kuingia mkono, udongo unavutana, na waya uliobana unakatika. Huko acha waya ulegee, au ulaze juu na kuubana kwa vibanio.

Vibanio ni spoku kuukuu za baiskeli. Fundi baiskeli anazo ndoo nzima. Ikate kati, kunja kila kipande kiwe kama herufi U, gongelea ardhini kila baada ya hatua moja hivi. Nyasi zikikua msimu mmoja waya hauonekani tena.

Zinaunganishwaje pale kitakoni?

Mafundi wa majokofu wanauza bomba jembamba la shaba. Pinda liwe pete ya upana wa sahani ya ugali, izunguke kitako bila kugusa mlingoti, na kila radiali iviringishwe mara mbili na kulehemiwa juu yake. Ganda la kebo linaungana na pete, waya wa kati unaungana na mlingoti. Lehemu ya kawaida udongo unaila, kwa hiyo inua pete kidogo juu ya ardhi kwa vipande vya tofali na upake rangi ya mafuta kwenye kila kiungo. Shaba isiguse alumini moja kwa moja. Weka washa ya chuma kisichoshika kutu katikati, maana zikilowa pamoja alumini inageuka unga mweupe.

SWR yangu (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na kebo) ni 1:1 na sijaweka radiali hata moja. Ninahitaji za nini?

SWR 1:1 maana yake ni omu 50. Antena inatoa 36. Zile 14 zimetoka wapi? Ni udongo wako. Ukiongeza radiali SWR itapanda kuelekea 1.4, na hapo watu huzing'oa wakidhani wameharibu. Usizing'oe. Hata dami lodi, kile kizuio cha majaribio kinachogeuza nguvu yote kuwa joto, ina SWR 1:1 na haisikiki hata chumba cha pili.

Fimbo ya ethi haitoshi?

Haitoshi. Ni ya radi na usalama. Kwa masafa haya fimbo moja ya mita na kidogo ni kama kuchota ziwa kwa kijiko.

Nitajuaje nimefikisha?

Pata kifaa cha kupimia antena, hata kile kidogo cha NanoVNA. Soma ukinzani pale antena inapoitika. Weka radiali nne, soma, andika. Ongeza nne, soma, andika. Tuseme umeanza na 60: ufanisi ni 36 kugawanya kwa 60, asilimia 60. Ukifika 45, ni asilimia 80. Ukiona umeongeza nne na namba haijatikisika, umefika. Nunua soda.

Pima tena kiangazi. Namba ya Aprili ardhi ikiwa imelowa itakudanganya. Namba ya Agosti ndiyo ya kweli. Antena yenye radiali nyingi hubadilika kidogo kati ya misimu hiyo miwili, na hiyo pia ni njia ya kuipima.

Kiwanja changu ni 20 kwa 20. Mita 160 naweza?

Unaweza kusikika, ila tusidanganyane. Chukua mlingoti wa mita 12 wenye koili kitakoni. Kwa megahezi 1.83 ukinzani wake wa kurusha ni omu 2 tu na kidogo. Udongo ukiwa na omu 15, ufanisi ni kama asilimia 12, kabla hujahesabu koili. Hapa ndipo kila radiali ni dhahabu: ukishusha hizo 15 ziwe 5, umezidisha nguvu inayotoka zaidi ya mara mbili.

Dawa nyingine iko juu. Panda mita 12 kisha ulaze waya uliobaki kwa mlalo hadi mwembeni au kwenye nguzo ya pili. Ukinzani wa kurusha unapanda na hesabu inakuwa ya kibinadamu. Radiali zijaze kiwanja chote, zipinde kwenye kona, zipite chini ya geti.

Nataka tu kuongea na watu wa Bukoba na Musoma jioni.

Basi funga ukurasa huu. Antena ya wima inatupa mawimbi chini, mbali. Kwa umbali wa kilomita mia mbili unataka yapande juu yarudi, na dipoli (antena ya waya wa mlalo unaolishwa katikati) ya bendi ya mita 80 au 40 iliyofungwa chini chini kati ya miti miwili itamshinda mwenye radiali 60.

Radi je?

Usiku upepo wa nchi kavu unakutana juu ya ziwa na mawingu yanajengeka. Ziwa hili ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Utazisikia kwenye mita 80 kama mtu anayekaanga samaki, saa nyingi kabla hujaona umeme. Mimi kebo inang'olewa redioni kila ninapomaliza, si nikiona wingu. Inatupwa nje ya dirisha, si kuachwa mezani. Fimbo za ethi mbili au tatu ziungane na ile pete ya shaba, na ethi ya nyumba nayo iungane nazo kwa waya mnene.

Mbuzi, majembe, wezi?

Mbuzi hana shida. Ng'ombe anakwatua waya uliolala juu, ndiyo maana ya spoku. Jembe ndilo adui. Jirani yangu mmoja alilima mpaka wa mihogo yake akanivunia radiali sita asubuhi moja, akaja nazo zimening'inia jembeni: "Baba, hii mizizi yako ya shaba haiishi!" Tuliongea, tukapiga vigingi vya rangi, yamekwisha. Radiali sita zikikatika kati ya 40 husikii tofauti, na hiyo ni faida nyingine ya kuwa nazo nyingi.

Shaba inayong'aa huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nyaya nyembamba za kebo ya mtandao hazimshawishi mtu, hasa zikiwa chini ya nyasi.

Ninahitaji kibali?

Kurusha kunahitaji leseni ya redio ya ridhaa kutoka TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kufukia waya kwenye kiwanja chako hakuhitaji kitu. Ukiwa karibu na uwanja wa ndege, Ilemela, uliza mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kuinua mlingoti mrefu.

Paa langu ni la bati. Naweza kulitumia badala ya radiali?

Unaweza, na kwa mita 40 linafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyotarajia, mradi mabati yashikane kiumeme. Tatizo ni misumari. Bati juu ya bati lenye rangi au kutu katikati haligusani, linagusana siku ya joto na kuachana usiku. Piga skurubu ya kujitoboa kwenye kila mwingiliano, kwangua rangi chini yake, kisha pima na multimita kutoka kona hadi kona. Kiungo chenye kutu kinafanya kama dayodi, kipitisha umeme cha upande mmoja: kinachanganya masafa na kuyarusha upya, na utajua hivyo pale spika ya jirani itakapoanza kutamka alama yako ya kuitia katikati ya taarifa ya habari.